Saa za kusoma utazitoa kwa nani?



Mimi ni Afisa Muuguzi Msaidizi katika kituo cha afya kwenye bonde la Rukwa, Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi. Nina umri wa miaka 38, kazini nina miaka 14, nina mume na watoto 3. Stashahada niliipata kabla ya kuajiriwa na tangu hapo sijaingia darasani isipokuwa semina.

Mwaka juzi tuliletewa wauguzi wawili wenye shahada. Ni wadogo kwangu, mmoja nilimfundisha mimi kushona msamba, lakini mshahara wake umenipita na kwenye vikao yeye ndiye anayeulizwa. Sina kinyongo naye. Iliniuma tu, nikasema na mimi nisome.

Mwezi wa tatu niliona kwenye simu tangazo la chuo cha nje kinachotoa shahada ya uuguzi kwa mtandao. Miezi 18, huachi kazi, husafiri. Nikajisajili. Sikumwambia mganga mfawidhi, kwa sababu mwenzangu aliomba ruhusa ya masomo akaambiwa asubiri, na mpaka leo anasubiri. Mume nilimwambia nusunusu. Awamu ya kwanza ya ada nililipa kwa mkopo wa mtaani, ile kausha damu, na sasa chuo kinadai awamu ya pili. Mume anasema basi tuuze mpunga wote uliobaki stoo, halafu anamalizia kwamba nikishapata shahada nitaomba uhamisho nimwachie watoto.

Lakini kilichonifanya niandike ni jambo jingine. Vipindi vya chuo vinaangukia usiku wetu. Siku moja nikiwa zamu ya usiku peke yangu nilimzalisha mama wa uzao wa 6. Mtoto salama, kondo limetoka lote. Nikaweka simu mezani, spika moja sikioni, nikaingia kipindi. Baada ya muda bibi aliyemsindikiza akaja kunishika bega: "Nesi, njoo uone kitanda." Khanga zote mbili zilikuwa zimeloa na damu imefika kwenye godoro. Nilifanya yote niliyofundishwa, Mungu akasaidia, akapona bila kukimbizwa Mpanda. Kwenye faili niliandika kwamba nilimkuta anavuja damu wakati wa kumkagua. Haikuwa hivyo. Bibi ndiye aliyemkuta.

Tangu siku hiyo sijafungua kipindi tena. Je, niache masomo? Hela imeshaenda. Na kwa umri huu, si nimechelewa?

Muuguzi, Mpimbwe

*

Mwanangu,

Naanza na yule mama, kwa sababu umemweka mwisho wa barua ilhali ndiye aliyekufanya ushike kalamu.

Saa mbili za kwanza baada ya kujifungua unazijua. Presha na mapigo kila dakika 15, mkono tumboni kuhisi kama mfuko wa uzazi umekaza, jicho kwenye pedi. Mama wa uzao wa 6 ndiye wa kukaa naye karibu zaidi, maana mfuko wake umeshachoka na unaweza kulegea tena hata baada ya kondo kutoka salama. Haya uliyajua usiku ule na unayajua leo, kwa hiyo sitakupunguzia uzito: ulikosea. Ulimwacha mgonjwa wako katika muda ambao hakupaswa kuachwa. Na ulipoandika kwenye faili jambo ambalo halikutokea, ulikosea mara ya pili. Kosa hili la pili linaendelea kufanya kazi mpaka sasa, kwa sababu kila atakayefungua faili ataamini kwamba mama alikaguliwa kwa wakati wake, na hakuna atakayejiuliza ni kwa nini kituo chenye wodi ya wazazi kina muuguzi mmoja usiku kucha.

Nimeona pia ulichofanya baada ya kushikwa bega. Anayepotewa na akili akiona damu ya namna ile hamwokoi mtu. Wewe ulimwokoa, ukiwa peke yako, na hilo nalo ni kweli kama lile jingine.

Kabla hujawaza chuo, mtafute yule mama. Mwanamke aliyepoteza damu kiasi hicho anaweza kurudi nyumbani akitembea, akapika, akanyonyesha, na huku damu yake iko chini mno. Miadi yake baada ya kujifungua ni ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Angalia amefika ipi. Kama hajarudi, mtume mhudumu wa afya wa kijiji au mfuate mwenyewe siku yako ya mapumziko. Mpime wingi wa damu, hakikisha vidonge vya madini ya chuma anavyo na anavimeza, muulize kama anasikia kizunguzungu akisimama, kama moyo unamwenda mbio akipanda kilima na ndoo, kama maziwa yanatoka vizuri.

Ukitoka hapo nenda kwa mganga mfawidhi umwambie ilivyokuwa. Kwenye faili usifute wala usibandike kitu. Andika maelezo ya nyongeza, weka tarehe ya siku unayoandika, weka sahihi yako. Unaweza kupewa onyo, tena la maandishi, na litauma. Lipokee. Bibi yule anajua alichokiona, na heri habari ifike ofisini kwa mdomo wako kuliko ifike ikiwa imeshapita kisimani na sokoni Majimoto.

Sasa niseme kuhusu masomo. Usiache. Nasema hivi nikiwa na sababu, na sababu yangu si mshahara peke yake, ingawa mshahara una haki yake na huna haja ya kuuonea haya.

Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali za nchi 9 za Ulaya kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Ulionyesha kwamba pale ambapo wauguzi wenye shahada walikuwa wengi zaidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa mdogo kwa asilimia 7. Hospitali za Ulaya si kituo chako, najua. Lakini utafiti huohuo ulionyesha jambo la pili ambalo watangazaji wa vyuo hawalitaji: kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja wa kuhudumia, uwezekano wa kufariki ulipanda kwa asilimia 7. Soma hayo mawili pamoja. Elimu ya muuguzi huokoa, na muuguzi kuwa na nafasi ya kumwangalia mgonjwa huokoa. Usiku ule wewe ulijaribu kununua la kwanza kwa kutoa la pili.

Kuna utafiti mwingine ulio karibu nawe zaidi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya E-MOTIVE, kazi iliyofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Waliweka chini ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko na alama za vipimo, damu ikawa inaonekana kwa mililita badala ya kukadiriwa kwa macho, na ikifika kiwango cha hatari hatua zote za tiba zikatolewa kwa pamoja bila kungoja moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine. Kuvuja damu kwingi pamoja na madhara yake makubwa kulipungua kwa asilimia 60. Waliofanya kazi ile kitandani walikuwa wakunga na wauguzi, wakiwemo wa hapa kwetu. Khanga hunywa damu na jicho hudanganyika, hilo umeliona mwenyewe. Muuguzi aliyefundishwa kusoma utafiti wa namna hii, kuupima, na kusimama mbele ya timu ya afya ya halmashauri kusema "jambo hili na sisi tulifanye", ndiye ninayetaka uwe. Hiyo ndiyo shahada.

Kwa hiyo shida iko kwenye shahada uliyochagua na njia uliyopita kuiendea.

Nimepiga hesabu ambayo nakuomba uipige na wewe. Katika mfumo wa vyuo vikuu vyetu, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusikiliza, kusoma, kuandika, kufanya mazoezi ya vitendo. Shahada ya kwanza hudai krediti 360 kwa uchache, yaani saa 3,600. Wewe umeahidiwa kumaliza kwa miezi 18, ambayo ni majuma 78. Gawanya, utapata saa 46 kwa juma. Hiyo ni ajira nyingine kamili juu ya ajira uliyo nayo. Tuseme wamekuhesabia stashahada yako na kukupunguzia theluthi nzima ya masomo. Bado unabaki na saa zaidi ya 30 kila juma. Zamu zako ziko palepale, watoto wako palepale, mpunga unataka kupaliliwa. Darasa la mtandaoni limekuondolea nauli na bweni. Saa limeziacha zilezile, na kila saa lazima itoke kwa mtu. Inaweza kutoka kwenye usingizi wako, ikatoka kwa watoto, ikatoka kwa mwajiri aliyekubali kukupa, au ikatoka kwa mama aliyelala kitanda cha pili akikutegemea. Usipoamua mapema itoke kwa nani, itatoka kwa asiyeweza kukataa. Tangazo lililosema huachi kazi halikukuambia hilo.

Au kuna jibu jingine, kwamba saa hizo hazimo kabisa kwenye masomo yao. Basi hapo unachonunua ni karatasi.

Na karatasi zinauzwa, mwanangu. Januari 2023 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kesi ya vyuo vya Florida vilivyouza stashahada na hati bandia za uuguzi zaidi ya 7,600. Kama yametokea kwenye nchi yenye ukaguzi wa namna ile, tangazo linalopita kwenye simu Mpimbwe lastahili kuulizwa maswali. Sisemi chuo chako ni cha wezi, sijakiona. Inawezekana ni halali kabisa huko kiliko na bado kisikufae. Marekani, kwa mfano, ripoti ya mwaka 2010 ya Taasisi ya Tiba ilitaka asilimia 80 ya wauguzi wawe na shahada ifikapo 2020, na tangu hapo vyuo vingi vimefungua shahada za mtandaoni kwa wauguzi walio kazini. Wengi wamesoma humo na wamesoma kweli. Lakini masomo yale yametengenezwa kwa muuguzi ambaye tayari ana leseni ya jimbo la hukohuko, anafanya kazi hospitali ya hukohuko, na wakufunzi wanaijua hospitali hiyo. Ukimtoa mwanafunzi ukamweka bonde la Rukwa, nani atamsimamia kwenye vitendo? Nani atasaini kitabu chake cha mazoezi?

Kwa hiyo kabla ya shilingi nyingine yoyote kutoka mfukoni mwako, liandikie Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, taja jina la chuo na jina la programu, uulize kama mhitimu wake anaweza kusajiliwa hapa kwa ngazi ya shahada. Iandikie pia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo ndiyo inayotambua na kulinganisha tuzo za nje. Taka jibu la maandishi. Maneno ya wakala wa chuo kwenye WhatsApp, hata akikutumia picha ya wahitimu wamevaa majoho, hayamfungi mtu. Jibu likiwa hapana, umenusurika awamu ya pili. Likiwa ndiyo, uliza swali la vitendo, kisha rudi kwenye hesabu ya saa.

Nisieleweke kwamba nadharau elimu ya masafa. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kina kituo hapohapo Mpanda. Waliopitia humo tunao maofisini na mahakamani. Kwa upande wa uuguzi tazama walichofanya jirani zetu. Kenya ilikuwa na wauguzi wa ngazi ya cheti zaidi ya 20,000 waliohitaji kupandishwa hadi stashahada, na kwa nafasi zilizokuwepo kwenye vyuo vya bweni ilikadiriwa kazi ile ingechukua zaidi ya miaka 100. Mwaka 2005 Amref, Wizara ya Afya na Baraza la Wauguzi la Kenya, pamoja na kampuni ya Accenture, walianzisha masomo kwa kompyuta. Muuguzi alibaki kwenye kituo chake cha kazi. Kompyuta ziliwekwa kwenye hospitali na vyuo vilivyokuwa karibu naye, vitendo vilikuwa na msimamizi, na mwisho wake ulikuwa mtihani uleule wa Baraza wanaofanya wengine. Baraza lilikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna mhitimu aliyekuja kugundua baadaye kwamba cheti chake hakina pa kwenda. Mwajiri naye alijua fulani anasoma, siku gani na saa ngapi. Wewe umesoma kwa simu, kwa kujificha.

Hapa kwetu shahada ya uuguzi hufundishwa Muhimbili, Chuo Kikuu cha Dodoma, Bugando, KCMC Moshi na kwingine, na kwa kawaida huchukua miaka 4. Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, kilikuja na masomo yaliyopangwa kwa ajili ya muuguzi aliye kazini, anayeingia darasani siku chache za juma na siku nyingine akarudi wodini. Ni mpango mzuri, lakini mtu wa Mpimbwe hawezi kuufuata bila kuhamia Dar. TCU hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili, na kuna wa peke yake kwa wenye stashahada. Tafuta uuguzi humo, usome sifa za kuingia mstari kwa mstari. Vyuo huangalia wastani wa stashahada, mara nyingi B au GPA ya 3.0, na huangalia pia masomo ya sayansi kwenye cheti chako cha kidato cha nne. Kitoe sandukuni leo ukitazame. Ukikuta humo programu inayotoa nadharia kwa mtandao na vitendo hospitalini, waulize kama vitendo unaweza kuvifanyia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hapo Mpanda. Hiyo ndiyo ingekuwa ya kwako.

Nije kwenye ruhusa, ambayo ndiyo uliyoikimbia.

Naelewa kwa nini. Mwenzako ameambiwa asubiri na amesubiri mpaka ameacha kuuliza. Lakini jiweke kidogo kwenye kiti cha Mganga Mkuu wa Halmashauri. Sensa ya 2012 iliikuta Katavi na watu 564,604. Ya 2022 ikakuta 1,152,958. Katika miaka 10 wakazi wa mkoa wamekuwa zaidi ya mara mbili, na watu hao wanazaa: utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015–16 uliukuta mkoa wenu ukiongoza nchi nzima kwa mimba za wasichana wa miaka 15 hadi 19, asilimia 45 wakiwa wameshazaa au ni wajawazito. Wewe unawapokea na unajua wanavyofika, wengine wamepakiwa kwenye bodaboda kutoka vijiji ambavyo masika barabara hukatika. Muuguzi mmoja akiondoka, pengo lake linaonekana usiku huohuo. Kiongozi anayesitasita kukuruhusu huenda hana chuki na wewe. Anahesabu zamu.

Basi mpelekee barua inayomsaidia kuhesabu. Iandike kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, K.K. Mganga Mkuu wa Halmashauri, K.K. Mganga Mfawidhi, YAH: OMBI LA RUHUSA YA MASOMO. Ambatanisha barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, leseni, na barua ya udahili ukiipata. Kisha weka ukurasa mmoja ambao wengi hawauweki: unapendekeza kuondoka lini, na kama ni masomo ya kazini, unaomba siku zipi na utafidia kwa zamu zipi. Wale wenzako wawili wenye shahada kaa nao kwanza, muone nani atakushikia nini. Ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa masijala. Barua isiyo na muhuri haikupokelewa, hata kama aliyeipokea alitabasamu.

Wakati nao una maana. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na bajeti huanza kupikwa miezi mingi kabla. Jina lako likiingia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri mapema, una pa kusimamia. Ukipeleka barua Septemba na chuo kinafunguliwa Oktoba, utaambiwa usubiri, na aliyekuambia atakuwa hakukosea. Hapohapo muulize Afisa Utumishi kuhusu ikama: je, ukirudi na shahada kuna nafasi ya Afisa Muuguzi ya kukubadilishia kada? Nimepokea barua za kutosha za watu waliorudi na vyeti vyao wakaendelea na mshahara wa zamani mwaka baada ya mwaka, kwa sababu walisoma kimyakimya na hakuna bajeti iliyowangojea. Huo ni uonevu kwa mtumishi na naupinga kila nipatapo nafasi, lakini aliyeomba ruhusa ana karatasi ya kudai nayo. Aliyejificha hana. Na usije ukashawishika kuondoka tu ukatumaini mambo yatajipanga: kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku 5 kunatosha kukupotezea ajira.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha omba tena mwaka unaofuata ukiambatanisha barua ya kwanza. Mwone pia Muuguzi Mkuu wa Halmashauri ana kwa ana. Huyo ni mtu wa taaluma yako, na kazi yake ni pamoja na kuwapandisha walio chini yake.

Pesa. Awamu ya pili usilipe. Waandikie unasimamisha masomo na uombe urejeshewe kinachorejesheka. Pengine hawatarejesha, na hasara hiyo utaimeza. Kausha damu ndiyo ya kumaliza kwanza, kabla ya ada ya chuo chochote, maana kila mwezi inakula ada ya kesho. Kama uko kwenye SACCOS ya watumishi, kopa huko ulipe deni lote mara moja. Benki nayo itakukopesha kwa makato ya mshahara, lakini sheria inataka ubakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, na wewe ujiwekee mpaka ulio juu ya hapo, kwa sababu mwanafunzi anahitaji bando, nauli na chakula cha watoto mwezi uleule. Mpunga msiuuze wote. Bakizeni wa kula na wa mbegu, na ule wa kuuza subirini bei ipande kama mnavyofanya miaka yote. Ada ya chuo halali inalipwa kwa awamu na haina haraka ya kukufilisi kabla ya mavuno.

Mumeo ulimwambia nusunusu, na mtu aliyeambiwa nusu hujazia nusu nyingine mwenyewe. Amejazia hofu. Usimlaumu, ameona wangapi waliokwenda kusoma Dodoma na Dar wasirudi isipokuwa kwenye misiba. Mweleze yote, pamoja na deni na pamoja na usiku ule. Mwonyeshe hesabu ya saa 46 na umuulize: hizi nizitoe wapi, zipi utanisaidia wewe? Mwanamume anayeulizwa hivyo anajua ameingizwa kwenye mpango. Mkubaliane kabla ya barua kupelekwa kama utarudi Mpimbwe, na kwa miaka mingapi. Mwambie pia habari za Adrian Atiman, ambaye wazee wa Karema wanamjua: mtoto aliyeuzwa utumwani huko karibu na Timbuktu, akakombolewa na wamisionari, akapelekwa Malta kusomea utabibu, kisha mwaka 1889 akafika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Akatibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Alikuwa na elimu ya kumpeleka popote, na miaka 67 alikaa Katavi.

Zamu yako ya usiku ijayo, simu ikae kwenye droo, mlio umefunguliwa kwa ajili ya gari la wagonjwa na si kingine. Ukitaka kusoma wakati wodi imetulia, shika mwongozo wa huduma za uzazi ulioko hapo mezani, usome ukiwa umekaa mahali unapowaona wote.

Umeuliza kama umechelewa. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Ukianza mwakani una 39, ukimaliza shahada ya miaka 4 una 43. Hapo unabakiwa na miaka 17 ya kazi, na mpaka leo umefanya 14.